Redio za Tanga na Stesheni za Roki za Marekani: Upangaji wa Muziki Hupimwaje?

Swali la msomaji: Mimi ni mkazi wa Makorora, Tanga, na ni mpenzi wa muziki wa magitaa, kuanzia dansi ya zamani hadi roki. Shemeji yangu aliyeishi Marekani kwa miaka mingi anadai kwamba stesheni za roki za kule zimepangwa kitaalamu, ilhali redio zetu za hapa mkoani hurudia nyimbo zilezile kutwa, na huchanganya singeli, kaswida na matangazo ya vifo ndani ya saa moja. Je, anasema kweli? Na mimi msikilizaji wa kawaida nitumie kipimo gani kujua kama kituo kinapanga muziki wake au kinabahatisha?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na marudio, kwa kuwa hapo ndipo shemeji yako alipopotoka. Stesheni za muziki wa vijana za Marekani ndizo zilizoufundisha ulimwengu kurudia nyimbo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Todd Storz, aliyekuwa akiendesha kituo cha KOWH katika mji wa Omaha, alitambua jambo ambalo wenye redio wenzake walilidharau: watu waliotia sarafu katika mashine za kupigia santuri mikahawani hawakutafuta wimbo mpya kila mara, bali walirudia ileile michache waliyoipenda. Akaifanya redio yake ifuate tabia hiyo, na mtindo wa nyimbo 40 bora ukaenea nchi nzima. Mwaka 1965 Bill Drake aliubana zaidi mtindo huo katika kituo cha KHJ cha Los Angeles: orodha ikapunguzwa hadi nyimbo 30, watangazaji wakaamriwa kusema maneno machache, jingo (vipande vifupi vya muziki vinavyotaja jina la kituo) zikafupishwa, na kituo kilichokuwa nyuma kikawapita washindani wake katika muda mfupi. Anayesikia wimbo mmoja mara tano kwa siku katika redio ya Marekani hasikii uzembe, anasikia mpango.

Kwa hiyo kinachotenganisha marudio ya kitaalamu na marudio ya kubahatisha ni hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu. Chukua kituo chenye nyimbo 8 zinazovuma, ambacho kila saa hupiga 2 kati ya hizo kwa zamu. Kila wimbo utarudi baada ya saa 4. Kwa kuwa saa 24 hugawanyika kwa 4 bila baki, wimbo uliopigwa saa 12 asubuhi utasikika tena saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku na saa 8 usiku, kisha kesho yake saa zizo hizo, na keshokutwa vilevile. Mama lishe anayefungua redio kwa saa moja tu wakati wa kukanda unga wa maandazi atasikia nyimbo 2 zilezile kila alfajiri, naye hatajua kwamba kituo kina nyingine 6. Sasa mpangaji akiondoa wimbo mmoja, zikabaki 7, kila wimbo utarudi baada ya saa 3 na nusu, mzunguko utateleza kidogo kila siku, na kabla wiki haijaisha mama yule atakuwa amezisikia zote 7. Nyimbo zimepungua, lakini msikilizaji anaona zimeongezeka. Huu ndio utaalamu ambao shemeji yako aliusikia bila kuuona.

Tangu mwaka 1979 hesabu hizo zimekuwa zikifanywa na kompyuta, ilipotoka programu ya Selector ya kampuni ya RCS, ambayo huzuia mwimbaji mmoja asifuatane na nafsi yake, huzuia nyimbo tatu za polepole zisikae pamoja, na hukumbuka wimbo ulipigwa saa ngapi jana ili leo usirudi palepale. Katika vituo vidogo nilivyopata kuvifahamu hapa kwetu, kompyuta iliyomo chumba cha matangazo hufanya kazi ya kurusha tu, yaani hupiga faili moja baada ya jingine, ilhali kupanga huachiwa mtangazaji aliye zamuni, ambaye ana dakika tatu za kuchagua wimbo ufuatao huku akisoma ujumbe wa simu na kumsubiri mgeni mlangoni. Mtu aliye katika hali hiyo huchagua faili lililo juu ya orodha, nalo liko juu kwa sababu mwenzake wa zamu iliyopita amelipiga. Marudio ya redio zetu hutokana na hilo zaidi kuliko upungufu wa nyimbo.

Hata hivyo, hesabu nzuri haitoshi kuiita redio bora, na historia ya roki yenyewe inaonyesha hivyo. Katikati ya miaka ya 1960 tume inayosimamia mawasiliano ya Marekani iliwazuia wenye vituo katika miji mikubwa kurudia tu kwenye FM matangazo yaleyale waliyoyarusha kwenye AM. Ghafla masafa mengi ya FM yakahitaji vipindi vya kujaza, na fedha za kuvigharimia hazikuwapo. Mwaka 1967 Tom Donahue aliingia katika kituo cha KMPX cha San Francisco, kilichokuwa hakina mbele wala nyuma, akawaruhusu watangazaji wachague wenyewe kutoka katika rafu za albamu: wimbo wa dakika kumi, bluzi ya zamani, kisha muziki wa Kihindi, mradi mtangazaji aliweza kueleza kwa nini kimoja kilifuata kingine. Wengi huutaja wakati huo kuwa kilele cha redio ya roki. Mimi nakubaliana nao kwa sehemu, kwa kuwa uhuru ule ulikuwa mikononi mwa watu waliojua sana muziki, na mtangazaji mwenye uhuru bila ujuzi huishia kupiga anachopenda yeye na rafiki zake.

Uhuru huo haukudumu. Katika miaka ya 1970 mshauri Lee Abrams aliuza kwa vituo vingi mpangilio mmoja wa roki ya albamu uliotokana na utafiti wa wasikilizaji, na vituo vya miji iliyo mbalimbali vikaanza kufanana. Sheria ya mawasiliano ya mwaka 1996 ikaondoa ukomo wa idadi ya vituo ambavyo kampuni moja ingeweza kumiliki nchini kote. Kabla yake ukomo ulikuwa vituo 40. Miaka michache baadaye Clear Channel peke yake ilimiliki zaidi ya 1,200. Mtangazaji mmoja akarekodi maneno yake katika mji mmoja, yakarushwa katika miji mingine kana kwamba yupo, na wimbo wa roki wa miaka ya 1970 ukapigwa siku ileile katika miji ambayo haina jambo la pamoja isipokuwa mmiliki. Muulize shemeji yako alisikiliza mwaka gani na katika mji gani, maana “stesheni za roki za Marekani” si kitu kimoja. Ikiwa aliishi huko baada ya 1996, huenda utaalamu anaousifu ulikuwa wa mtu ambaye hakuwahi kuukanyaga mji aliokuwa akiutangazia.

Hapo ndipo ningependa tuiangalie Tanga, kwa sababu udhaifu wa redio zetu uko mahali tofauti na pale alipouonyesha. Mji huu ulikuwa na magitaa ya umeme wakati uleule roki ilipokuwa ikikua ng'ambo. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilivuma miaka ya 1960 na 1970 hadi nje ya mipaka, na vikundi vya Black Star na Lucky Star viliifanyia taarabu jambo ambalo wazee wa Unguja hawakulitarajia: vilipunguza vyombo vya takhti kubwa, yaani kundi kubwa la wapigaji wa taarabu, vikaleta gitaa, gitaa la besi na kodiani, na kutoka humo sauti ya Bi Shakila Said ikafika kila nyumba yenye redio. Ungetegemea, basi, kwamba kituo cha FM kilichopo Tanga kingekuwa na rafu nzima ya muziki huo. Nilipopata nafasi ya kutazama maktaba za vituo viwili vitatu vya mwambao, nilikuta nyimbo chache za Tanga, nazo ni zilezile zinazopatikana katika kila simu.

Sababu yake ni ya kihistoria, wala si dharau. Redio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyozirekodi bendi nyingi za zama hizo katika studio yake, na kanda zikabaki Dar es Salaam. Santuri, kwa upande wake, zilitengenezwa Nairobi, zikauzwa kwa watu binafsi, zikachakaa majumbani. Sheria ya huduma za utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango wa redio za watu binafsi, na Radio One ikaanza mwaka 1994, vituo vipya havikurithi maktaba yoyote. Vilianza na sidii za wakati huo, vikaendelea na faili za kompyuta, na leo vingi vinaishi kwa nyimbo zinazoletwa na wasanii wenyewe kwa flashi au kwa simu. Kituo kilichozaliwa hivyo hujua muziki wa miaka kumi iliyopita, na huuita “zilipendwa” wimbo wa mwaka 2005.

Kuhusu kuchanganya, nitakitetea kituo chako. Mji mkubwa wa Marekani una vituo kadhaa wa kadhaa, na kila kimoja hujitafutia kipande chake cha wasikilizaji: roki ya zamani, roki mpya, kantri, habari tupu. Jiji la Tanga, kwa sensa ya mwaka 2022, lina watu wasiofika laki 4. Kituo kitakachoamua kupiga roki tupu hapa, au hata dansi tupu, hakitapata matangazo ya biashara ya kulipia umeme wa mtambo. Kituo cha mji wa ukubwa huu kinalazimika kuwa cha wavuvi wa Deep Sea, wafanyabiashara wa Ngamiani, wanafunzi na wastaafu wa Raskazone kwa wakati mmoja. Tangazo la kifo lililomkera shemeji yako lina kazi ambayo hakuna wimbo utakaoifanya: mtu amefariki alfajiri Mabawa, maziko ni baada ya sala ya adhuhuri, na ndugu walioko Muheza na Pangani wanahitaji kujua kabla ya gari la saa 3. Kosa liko katika kulisoma tangazo hilo katikati ya singeli, bila saa maalumu, kiasi kwamba mwenye msiba hajui alisikilize lini na mpenda singeli hajui limetokea wapi. Kituo kilichopangwa huyaweka matangazo hayo saa 1 asubuhi na saa 6 mchana, kwa mfano, kikayatanguliza kwa ukimya au kwa kaswida, kisha kikarudi kwenye muziki kwa wimbo wa taratibu kabla ya kupandisha kasi.

Mwezi wa Ramadhani huuweka wazi ustadi wa mpangaji kuliko mwezi mwingine wowote. Jua huzama Kigoma zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Tanga, na redio ya kitaifa haina budi kuhangaika na tofauti hiyo, ikitangaza nyakati za futari mji kwa mji. Redio ya hapa haina kisingizio. Inaweza kuipanga jioni nzima kufuata magharibi ya Tanga: mawaidha yakome kwa wakati, adhana isikatwe na tangazo la sabuni, muda baada ya tarawehe upewe taarabu ya taratibu, na daku iwe na mtangazaji aliye macho kweli badala ya faili linalojirudia. Ukisikia adhana imekatwa katikati na jingo, huhitaji kuniuliza mimi kuhusu ubora wa kituo hicho.

Umeomba kipimo cha msikilizaji wa kawaida. Chukua daftari, chagua saa moja ambayo huwa nyumbani, na usikilize kituo kimoja katika saa hiyo kwa siku tano za kazi mfululizo. Andika kila wimbo na dakika ulipoanza. Wimbo ukijitokeza siku nne kati ya tano katika saa ileile, zamu yake haikuhesabiwa. Andika pia kama mwimbaji alitajwa. Kwangu mimi hili lina uzito kuliko yote, na ndilo ninalolisikia likikosekana mara nyingi: mtangazaji anazungumza juu ya ala za mwanzo hadi sauti inapoingia, anaurudia utani wake, anamsalimu mdhamini, na wimbo unaisha pasipo mtu kujua nani kaimba, bendi gani, wa lini. Kituo kisichotaja jina la mwimbaji kinamnyima msanii malipo pekee ambayo mji mdogo unaweza kumpa, nacho kinamnyima msikilizaji njia ya kuutafuta wimbo huo mwenyewe.

Sikiliza pia uwiano wa sauti. Kama inakubidi usimame kupunguza redio kila tangazo linapoingia, na kuipandisha kila wimbo wa zamani unapopigwa, hakuna aliyezipima faili kabla ya kuziweka katika maktaba, na pengine hakuna aliyezisikiliza. Ni kazi ya fundi mitambo wa kituo, ya siku chache, na haihitaji mashine mpya. Halafu jiulize katika saa hiyo umesikia jambo gani ambalo lisingeweza kurushwa kutoka Dar es Salaam. Zipo redio zenye masafa Tanga ambazo hurusha hapa kile kinachosikika Mwanza na Mbeya, na nyingine zina vipindi vizuri sana; ila usizihesabu kuwa redio za Tanga unapofanya kipimo hiki.

Kuna jambo moja ambalo daftari halitakuonyesha, nalo ni bahasha. Marekani iliwahi kutikiswa nalo: mwaka 1959 na 1960 Bunge lao lilichunguza watangazaji waliolipwa na kampuni za santuri ili wapige nyimbo zao, Alan Freed, mmoja wa waliolieneza jina la rokenrol, alipoteza kazi yake, na sheria ikarekebishwa mwaka 1960 ili wimbo uliolipiwa utangazwe kuwa umelipiwa. Matokeo yake wenye vituo waliuondoa uchaguzi wa nyimbo mikononi mwa watangazaji wakampa mratibu wa vipindi. Bahasha haikufa, ilibadili njia tu: mwaka 2005 kampuni ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 katika shauri la namna hiyo huko New York. Hapa kwetu msanii chipukizi anapoambiwa “acha na chochote cha maji”, orodha ya nyimbo huwa imeshauzwa, na hata programu bora ya kupanga itakachokifanya ni kuzizungusha kwa usawa nyimbo zilizonunuliwa. Dalili mojawapo ni wimbo unaopigwa kwa wingi wiki tatu bila msikilizaji yeyote kuuomba katika kipindi cha salamu, kisha ukatoweka siku moja kama haukuwahi kuwapo.

Sasa, roki yako. Stesheni ya roki Tanga haiwezekani, lakini saa moja ya magitaa kwa wiki inawezekana kabisa, na ningekushauri uiombe badala ya kulalamikia saa nyingine 167. Usiiombe kama kipindi cha muziki wa kigeni, maana kitawekwa saa 8 usiku na kufa baada ya mwezi. Iombe kama kipindi cha gitaa kinachoanzia hapa: kifungue kwa solo ya Atomic Jazz au Black Star, kiende kwa bendi za Nairobi na Kinshasa, kisha kiingie katika roki ya miaka ileile ya 1960 na 1970, ili msikilizaji wa Ngamiani asikie kwamba waliokuwa wakipiga San Francisco na waliokuwa wakipiga barabara za namba za hapa walishika chombo kimoja. Mtangazaji wake awe mtu anayejua kueleza kinachosikika. Mpiga gitaa wa harusi asiye na sauti ya redio atafaa kuliko mtangazaji hodari asiyejua tofauti ya solo na ridhimu.

Kabla ya kumwendea mratibu wa vipindi, fanya hesabu kwa niaba yake. Saa moja, ukiondoa matangazo na maelezo, hubeba nyimbo 11. Robo mwaka ni wiki 13, kwa hiyo unahitaji nyimbo 143 zisizorudiwa, zenye jina la wimbo, la mwimbaji au bendi, na mwaka pale unapojulikana. Zianze kutafutwa kwa wazee wenye santuri, na zinakiliwe kwa uangalifu, kwa kuwa nakala zinazozunguka katika simu zimebanwa mno hata besi imepotea. Kituo chenyewe kinatakiwa kuwa na kibali cha hakimiliki cha kurusha muziki, na kibali hicho ni jukumu lao, si lako. Mratibu atakuuliza kwanza nani atadhamini, kisha nani atakaa studio Jumamosi saa 3 usiku kila wiki bila kukosa. Kwa la kwanza, jaribu wauza vyombo vya muziki na kumbi za harusi, ambao wateja wao ndio haohao watakaosikiliza. La pili liwe na majina mawili katika karatasi yako, la mtangazaji na la mtu wa kumshikia zamu anapougua, kwa sababu vipindi vingi vya aina hii nilivyoviona vikifa vilikufa mtangazaji wake pekee aliposafiri.